Alisema "Mama Wacu", Nikaandika Mama

Hotuba kwa maafisa ustawi wa jamii wapya, kabla ya kupangiwa vituo mkoani Kigoma. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaondoa vikohozi tu.

Marahaba, marahaba. Kaeni, wanangu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki yote imezingatiwa, na mtaniwia radhi nikiishia hapo. Nimepewa dakika arobaini, na niliyokuja nayo ni ya saa mbili.

Ratiba inasema nitazungumzia haki na ustawi wa mtoto anayeomba hifadhi. Ni maneno mazuri, yanapendeza kwenye bango. Mimi nimekuja kuzungumzia kalamu. Hiyo hiyo ya bluu mliyogawiwa mlangoni pamoja na daftari. Katika miaka yangu ya kazi nimewaona watoto wakiokolewa kwa maji safi, kwa chanjo, kwa uji, kwa turubai. Nimewaona pia waliopotezwa, na wengi wao walipotezwa na kalamu. Mmoja nilimpoteza mimi mwenyewe.

Turudi Mei 2015. Baadhi yenu mlikuwa bado shule ya msingi. Mwezi uliotangulia Pierre Nkurunziza alikuwa ameteuliwa na chama chake kugombea urais wa Burundi kwa muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, watu wakaanza kukimbia. Waliotoka kusini, upande wa Makamba na Nyanza-Lac, wengi walifuata ziwa wakaingia Kagunga. Kama hujafika Kagunga, ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kimebanwa na milima mgongoni na Ziwa Tanganyika usoni. Barabara hakuna. Kijiji cha watu elfu chache kikajikuta na makumi ya maelfu wamelala mchangani. Kipindupindu kikaingia, wakafa watu wapatao 30.

Njia ya kuwatoa ilikuwa maji tu, na chombo kikubwa kilikuwa MV Liemba. Bibi huyo aliundwa Ujerumani 1913, akazamishwa na wenyewe wakati wa Vita ya Kwanza, akaibuliwa, na mwaka 1997 alishawarudisha Wakongo kwao baada ya Mobutu kuanguka. Sasa akaitwa tena. Alichukua watu kama 600, lakini Kagunga hakuweza kufika ufukweni. Alisimama mbali, watu wanapelekwa kwa mitumbwi, wanavutwa juu mmoja mmoja.

Sasa mfikirie mama mwenye watoto watano na furushi moja la godoro. Mtumbwi wa kwanza umejaa, wamepanda wawili. Wa pili anapanda yeye na mchanga mgongoni. Waliobaki wamekabidhiwa kwa jirani. Liemba imejaa, inaondoka. Hao wengine watakuja kesho, au keshokutwa, na wakifika Kigoma mjini wanakuta wenzao wameshapakiwa kwenye basi kwenda kambi ya Nyarugusu. Huwa tunasema vita inatenganisha watoto na wazazi. Inatenganisha, ndiyo. Lakini nyakati nyingi nilizoziona mimi, waliotenganisha ni sisi wenye magari na orodha, tukiwa na haraka ya kuokoa.

Kisa changu sitakitajia kituo wala shirika lililoniajiri. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa kwenye meza ya kuandikisha. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja Kigoma nikiwa mtu mzima, Kirundi sikujui. Akaja mwanamke kijana amemshika mkono mtoto wa kiume, miaka mitano au sita hivi, ana shati la kijani na hana viatu. Nikamwinamia yule mtoto, maana tulifundishwa kumsemesha mtoto, nikamwonyesha yule mwanamke kwa kidole: huyu nani? Akasema, "Mama wacu." Nikasikia "mama wetu". Nikatabasamu. Kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa "yuko na mzazi", nikatia alama ya vema, nikaita anayefuata.

Wanaotoka huku Kasulu na Kibondo naona wameshaanza kutikisa vichwa. Ndiyo. Kwa Kirundi "mama wacu" ni mdogo au dada wa mama. Ni mama mdogo kwetu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu, wanasikilizana bila mkalimani, na pale pale nyuma yangu alisimama kijana wa Kiha akibeba mizigo kutwa nzima. Angenisahihisha kwa neno moja. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba.

Kisanduku kimoja kinafanya nini? Mtoto akiwa na mzazi, faili lake linaishia hapo. Akiwa na ndugu asiye mzazi anaingia kundi la waliotengana na wazazi. Akiwa hana mtu mzima yeyote, kundi la walio peke yao. Makundi hayo mawili ndiyo yanayofunguliwa faili la kutafuta familia, yanatembelewa nyumbani na kufanyiwa tathmini ya maslahi bora ya mtoto. Yule mtoto hakufunguliwa chochote. Kwa mujibu wa karatasi yangu, hakuna aliyepotea.

Mama yake alikuwa hai. Alikuwa amebaki nyuma kumuuguza baba yao, akavuka mwaka uliofuata kwa mpaka wa nchi kavu, akapelekwa kambi nyingine. Alipofika tu alikwenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu akaandikisha kwamba anamtafuta mwanawe. Akalitaja jina lake vizuri. Mimi nilikuwa nimeliandika kwa L mahali penye R, na tarehe ya kuzaliwa nilikuwa nimeweka 1 Januari. Majina mawili, kambi mbili, na kati yao safari ya basi ya nusu siku. Miaka miwili na miezi.

Tulijuaje? Yule shangazi, niseme mama mdogo, aliamua kujiandikisha kurudi Burundi. Misafara ya kurudi kwa hiari ilikuwa imeanza, Septemba 2017. Kwenye mahojiano, mwenzangu mmoja ambaye nilimuona siku zote ni mtu wa kuchelewesha foleni akamuuliza yule mtoto kama ana swali. Mtoto kwa wakati huo alikuwa ameshajua Kiswahili cha kambini. Akauliza, "Tukirudi, mama atatukuta?"

Mwenzangu akaweka kalamu chini. Nilipenda niwe nimefanya mimi hivyo, siku ile ya kwanza.

Haya. Nimewapa aibu yangu, sasa niwape sheria, halafu tutarudi kwenye kalamu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa ni wa 1989, nchi yetu iliuridhia 1991. Ibara ya 22 inamhusu mtoto mkimbizi, na nawaomba mwisome wenyewe leo usiku, ni fupi. Inamtaja mtoto anayeomba kutambuliwa kuwa mkimbizi, na mtoto ambaye ameshatambuliwa. Wote wawili. Awe na wazazi, awe na mtu mwingine, awe peke yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao tumeuridhia 2003, unasema vivyo hivyo kwenye ibara ya 23. Kwa hiyo ulinzi haungoji kadi. Mtu atakwambia, "Huyu bado hajakubaliwa, tumngoje kwanza." Mtoto hangojwi. Akishakanyaga mchanga na kusema naogopa kurudi, umeshaanza kuwajibika. Na ibara hizo hizo zinaitaka serikali isaidie kuwatafuta wazazi. Imeandikwa. Nilipotia alama kwenye kisanduku kibaya nilimnyima mtoto kitu alichopewa na mikataba miwili, na hakuna aliyenipigia kelele, kwa sababu fomu ilikuwa safi sana.

Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18 na maslahi yake bora ndiyo ya kuzingatiwa kwanza. Haikusema mtoto wa Kitanzania. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 nayo inamtaka anayeingia kutafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 kwa afisa anayehusika, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wao. Mtoto wa miaka kumi aliyetoka Fizi, Kongo, kwa boti ya dagaa atajuaje habari ya siku 7? Atalala kwa mvuvi aliyemvusha. Atachunga mbuzi wa mtu. Baada ya miezi mitatu anakamatwa na kuambiwa hakujitokeza. Kwa hiyo mkipangiwa vijiji vya ufukweni, mtu wenu wa kwanza awe mtendaji wa kijiji, wa pili mwenye boti, wa tatu mama anayekaanga samaki sokoni. Huyo wa tatu ndiye anayejua ni mtoto gani mgeni ameonekana, tangu lini, na anakula kwa nani.

Turudi kwenye kalamu. Mambo matatu au manne, kadiri dakika zitakavyoruhusu.

Majina. Sisi tumezoea majina matatu: lako, la baba, la babu au la ukoo. Tunamtazama mtu na ndugu yake, tunalinganisha jina la mwisho, tunaridhika. Burundi haiko hivyo. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi siku zake zikifika, na jina hilo huwa ni sentensi nzima. Nduwimana maana yake mimi ni wa Mungu. Dada yake anaweza kuwa Niyonkuru, mdogo wao akawa Irakoze, na baba yao jina jingine kabisa. Tumbo moja, baba mmoja, majina hayafanani hata herufi. Nimemwona karani akiwatenga ndugu watatu mahema tofauti kwa sababu "majina hayaendani". Na nimemwona mwingine akilazimisha jina la baba liandikwe mwisho kwa wote, ili yapendeze. Alidhani amesaidia. Alichofanya ni kuwapa watoto majina ambayo mama yao akiyasikia kwenye kipaza sauti hatageuka. Andika jina kama mwenyewe anavyolitamka. Mwombe mtu wa lugha yake alisome kwa sauti, mtoto aitike. Asipoitika, umekosea.

Tarehe. Mkifungua daftari la kambi yoyote mtadhani watu wote walizaliwa mwaka mpya. Ni 1 Januari ukurasa baada ya ukurasa, maana mtu akijua mwaka tu, sisi tunamjazia siku. Tunaona ni jambo dogo. Lakini kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Novemba, ukimwekea Januari, umempeleka utu uzima miezi kumi kabla ya wakati wake, na siku anafikisha 18 kwenye karatasi ndiyo siku anaacha kuwa kazi yenu. Ulizeni misimu. Mvua zilikuwa zinaanza au zinaisha? Maharage yalikuwa shambani? Mdogo wako anayekufuata alizaliwa wewe ukiwa darasa la ngapi? Mama mzazi anakumbuka, msimkimbize.

Na pale ambapo hakuna wa kukumbuka, msikimbilie mashine. Eksirei ya kifundo cha mkono inaweza kukosea kwa miaka miwili juu au chini, na kwa kijana wa miaka 17 miaka miwili ndiyo kila kitu. Mnawajua vijana wa Kiethiopia wanaokamatwa wamefichwa kwenye malori, wakielekea kusini. Sio wote wanaomba hifadhi, lakini wapo wanaoomba, na wapo ambao ndevu hazijaota. Wakiandikwa wote "mtu mzima, takriban miaka 20" na polisi mwenye haraka, wanaingia gereza la watu wazima. Mkataba wa 1989, ibara ya 37, unataka kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi kabisa. Penye shaka, mhesabu kuwa mtoto. Ukimkosea mtu mzima kwa kumlaza pazuri usiku mmoja, utaomba radhi asubuhi. Ukimkosea mtoto, radhi utamwomba nani?

Maswali. Hapa ndipo ninapotaka mniazime masikio yote mawili.

Tangu siku ile sikumuuliza tena mtoto, "Mama yako yuko wapi?" Ni swali la mtu mzima na linajibiwa kwa adabu. Mtoto wa Kirundi, wa Kibembe, hata wa Tanga kwetu, amefunzwa kumwita mama kila mwanamke wa rika la mama yake. Kwetu mama mdogo ni mama, mama mkubwa ni mama, na rafiki wa mama ni mama pia akikukuta unachezea tope. Baba mdogo ni baba. Tunajua hivyo sote humu ndani, halafu tukikaa nyuma ya meza yenye fomu tunajifanya hatujui.

Niliuliza mambo ya tumbo na ya usingizi. Nyumbani nani alikuwa anapika? Usiku ulikuwa unalala na nani? Ukiumwa nani alikuwa anakubeba? Mlipoondoka mlikuwa wangapi, na nani alibaki mlangoni? Siku hizi unamwogopa mtu yeyote? Na swali la mwisho ni lile la mwenzangu wa kuchelewesha foleni: una swali kwangu? Msishangae akiwauliza kama mna biskuti. Mpeni biskuti, ngojeni.

Tangu Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa mkupuo, ule utaratibu wa kumhesabu kila anayeingia kuwa mkimbizi bila mahojiano. Sasa ombi linapitiwa moja moja, na kuna kamati ya taifa juu yake. Kwa mtoto maana yake ni kwamba sababu yake mwenyewe inaweza kufa ndani ya faili la baba. Kaya nzima inaandikwa chini ya mkubwa wa kaya, mkubwa anaeleza ya shamba lake na ya siasa zake, na binti wa miaka 14 aliyeketi kwenye mkeka anajua jambo ambalo baba hatalisema: kwamba huko anakotakiwa kurudi kuna mwanamume ameshamtolea mahari. Au kijana wa Fizi ambaye wapiganaji wa Mai-Mai walimchukua abebe risasi, na nyumbani kwao jambo hilo ni siri kwa sababu majirani wangemwua. Ombi la mtoto linaweza kuwa na uzito kuliko la mzazi. Mpeni nafasi ya kusema peke yake, awepo mtu anayemwamini, na mkalimani asiwe jirani yake wala mjomba wake. Mkalimani wa kike kwa binti, mkiweza. Mkishindwa, ahirisheni. Kuahirisha kunaruhusiwa. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuahirisha, ingawa mtaandikiwa barua.

Kuna jambo chafu kidogo nalo nilitaje. Mgao kambini unapimwa kwa idadi ya vichwa kwenye kadi. Mtoto ni kichwa. Kwa hiyo utakutana na mtu mzima anayeng'ang'ania kuwa huyu ni wake, na hajui hata umri wake. Utakutana pia na mwingine anayemficha mtoto aliyempokea, kwa hofu kwamba ukimjua utamchukua. Msiwe wepesi wa kulaani. Mgao umekatwa mara nyingi miaka hii, na masoko ya pamoja baina ya wakimbizi na wenyeji yalifungwa. Nimeona familia zilizompokea mtoto wa watu njiani, zikampa nafasi kwenye mkeka wakati zenyewe hazina, na nimeona nyumba ambako mtoto wa kupokewa ndiye anayechota maji peke yake na ndiye anayetumwa kuni. Tembeleeni bila kutoa taarifa. Angalieni nani hana daftari la shule. Ukitaka kujua mtoto anatunzwaje, fika saa ya kuni.

Na kuni zenyewe, kwa mabinti, ni hatari kuliko nilivyo na muda wa kueleza. Wanakwenda porini kilomita kadhaa. Wanabakwa. Mnaposikia wataalamu wakijadili majiko banifu na gesi, msidhani ni habari ya mazingira tu.

Shule nitaisema kwa sababu inaniuma. Nyarugusu imefunguliwa 1996. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa pale anasema Kiswahili kizuri, pengine kizuri kuliko cha wajukuu zangu wa Dar es Salaam, maana haweki Kiingereza kila neno la tatu. Akiingia darasani anasomeshwa kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo, ramani ya Kongo, mitihani ya taifa ya Kongo, nchi ambayo hajaiona. Mrundi vilevile, mtaala wa Burundi. Sababu iliyotolewa ni kwamba watarudi kwao, na mtaala utawasaidia wakirudi. Ina mantiki kwa aliyekuja juzi na atakayerudi kesho. Lakini wapo Warundi waliokuja 1972 wakiwa watoto wa miaka mitano, wakalelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na uraia ulipotolewa 2014 kwa watu zaidi ya 160,000, mtoto yule alikuwa na miaka 47. Alishakuwa babu. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni wetu tumemweka siku ya pili karibu miaka 30, na mwanawe tumemwandalia jembe la shamba lililo ng'ambo ya ziwa. Sera hiyo haitabadilishwa na ninyi, najua. Lakini mtakuwa kwenye vikao, na kwenye vikao watu huulizwa maoni.

Cheti cha kuzaliwa. Haraka haraka, kwa kuwa mwenyekiti ananionyesha saa. Mtoto akizaliwa kambini apate tangazo la kizazi, kisha cheti. Mtasikia mtu akisema tukiwapa vyeti tunawapa uraia. Hapana. Cheti kinasema mtoto huyu alizaliwa, lini, wapi, na nani. Basi. Kinamsaidia hata serikali ya kwao ikimwuliza yeye ni nani. Anayekataa kumpa mtoto cheti kwa hofu ya uraia ananikumbusha mtu anayekataa kumpima mgonjwa homa kwa hofu kwamba kipimajoto kitamwongezea.

Nimalizie kwa yule mtoto, maana najua mnataka kujua.

Mama mzazi tulimleta. Tulikuwa tumejiandaa kwa vilio, hata leso tulinunua. Hakulia mtu. Mtoto alikaa kwenye benchi amejibana kwa mama yake mdogo, amemshika kitenge. Mama mzazi akakaa upande wa pili wa benchi, hakumvuta. Akamwambia kitu kwa Kirundi, mtoto akajibu kwa Kiswahili, yule mama hakuelewa. Mama mdogo akamfasiria dada yake maneno ya mwanawe.

Kwenye kikao cha maslahi ya mtoto palikuwa na mtu aliyesema jambo liko wazi, mama amepatikana, mtoto akabidhiwe leo, mama mdogo aendelee na safari yake ya Burundi. Kwenye karatasi lilikuwa wazi kweli. Karatasi na mimi tulikuwa hatuelewani tena. Tukamuuliza mtoto. Akataka wote wawili. Tukamuuliza mama mdogo kama safari yake inaweza kungoja, akasema inaweza. Tukahamisha kaya nzima, yeye na watoto wake wawili na yule wetu, wakapewa kiwanja jirani na kwa dada yake. Ilichukua barua nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na gari la kuhamisha watu wanne lililalamikiwa kwamba linakula mafuta.

Fomu yake niliisahihisha kwa mkono wangu. Nilipofika penye jina nilimpa yeye kalamu. Alikuwa anajua kuandika, kwa mwandiko wa Kifaransa ule wenye mikia. Akaandika, na R ikiwa mahali pake.

Sasa toeni kalamu zenu. Kila mmoja amgeukie aliye kulia kwake. Mwulizeni: ulipokuwa na miaka sita, nani alikuwa anakupikia, na usiku ulikuwa unalala na nani? Msiandike chochote mpaka amalize kusema. Mwenyekiti, naomba utupe dakika kumi.